Kiswahili cha watoto wetu huku Ujerumani kiko nje, hakiko sebuleni

Jumapili iliyopita tulikua kwenye ile meli namba 62 hapa Hamburg, inayotoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, tumekaa juu kabisa upepo unapiga masikio mpaka yanauma, kijana wangu wa miaka minne akanyoosha kidole ng'ambo ya mto akasema kwa sauti, mama ona, winchi inanyanyua sanduku! Hakusema Kran kwa Kijerumani kama anavyosemaga na wenzie chekechea, kasema winchi, neno la babu yake aliyefanya kazi bandarini Dar miaka na miaka, na mi nikageukia upande wa pili maana machozi yalishafika.

Wenye watoto huku watanielewa haraka. Mtoto anazaliwa, unamwimbia kwa Kiswahili, anaanza kuongea mama, maji, nataka, basi unafurahi. Alafu anaenda Kita, yani chekechea ya huku. Hapa Hamburg masaa matano kwa siku ni bure na chakula cha mchana juu, kwaiyo karibu kila mtu anapeleka mtoto mapema, na mi nafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwa shifti, ningemwacha na nani, bibi yuko Temeke. Baada ya miezi sita mtoto anakujibu kwa Kijerumani. Baada ya mwaka anaota kwa Kijerumani, nilimsikia binti yangu mkubwa usiku anagombana na mtu ndotoni, yote Kijerumani, nikakaa kitandani mpaka asubuhi nawaza huyu mtoto ataongea nini na baba yangu.

Tukaanza vita ndani ya nyumba. Mi na mume wangu tukaweka sheria kwamba ukivuka mlango huu ni Kiswahili tu. Mtoto anakuja anakimbia na hadithi yake ya shule, imejaa mdomoni, we unamkatiza, sema kwa Kiswahili! Anasimama, anatafuta maneno, hayaji, anasema haya basi, anaenda chumbani. Hadithi imekufa hapohapo. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili na nasema wazi tulikosea, yani tuliigeuza lugha yetu ikawa polisi wa mlangoni, na mtoto gani anampenda polisi? Tukajaribu katuni za Kiswahili pia, anaangalia dakika kumi, anaelewa, lakini haongei, kwasababu tivii haimuulizi kitu.

Kilichobadilisha mambo hatukukipanga. Ni Jumapili.

Wageni wakifika huku Jumapili wanalalamika sana na mi nililalamika mwaka wa kwanza. Maduka karibu yote yamefungwa, supamaketi imefungwa, huruhusiwi hata kutoboa ukuta kwa drili jirani asisikie. Na hii sio desturi tu, iko mpaka kwenye katiba yao, kifungu kiliandikwa kwenye katiba yao ya zamani, ya Weimar, mwaka 1919 na walipoandika hii ya sasa mwaka 1949 wakakibeba vilevile, Jumapili ni siku ya kupumzika. Kwaiyo huwezi kusema ngoja niwapeleke watoto madukani wakazurure. Unabaki na vitu viwili, sebule au nje. Sebuleni kuna tableti.

Na nje huku ni rahisi mno, hili nalisema kwa wale wanaodhani kutoka na familia Ulaya lazima uwe na hela. Ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58, sa hivi 63, sikatai inauma, lakini mi nainunua kwa ajili ya kazi hatahivyo, kwaiyo Jumapili imeshalipwa. Mtoto chini ya miaka sita hapandi kwa hela, na wanafunzi wa Hamburg toka Septemba 2024 wanapewa tiketi hiyohiyo bure. Na ile meli 62 sio ya watalii, ni usafiri wa mji kama daladala, tiketi ya basi ndo tiketi ya meli. Watalii wanalipa pesa nyingi kuzungushwa bandarini, sisi tunapita palepale na chapati zetu kwenye kontena.

Sasa hapo kwenye meli ndo pana utamu. Mi nimekulia Temeke, shangazi yangu alikua Kigamboni, kila wikiendi tulivuka kwenda kwake, na sisi chombo kile tunaita pantoni. Mume wangu mtu wa Likoni, Mombasa, yeye kavuka maisha yake yote na kwao wanaita feri. Basi siku ya kwanza tumepanda 62 nikasema haya tupande pantoni, mume wangu akasema hii ni feri, tukaanza kubishana kwa raha tu, na watoto wakaingilia! Binti yangu akachukua upande wa baba, mdogo upande wangu, wanabishana kwa Kiswahili pantoni, feri, pantoni, feri, hamna aliyewaamrisha. Alafu binti akauliza mbona hata Wajerumani wana neno Ponton, akaonyesha lile gati tulilopandia ambalo linaelea juu ya maji. Kweli, neno ni lilelile, limezunguka dunia likafika Kigamboni. Mtoto wa miaka nane kaligundua mwenyewe, na toka siku hiyo anawinda maneno.

Tunashukaga Övelgönne, hapo kuna ufukwe wa mchanga kando ya mto, mchanga kabisa wa kuchimba, na ng'ambo ndo magati ya kontena. Meli kubwa ikipita, zile zenye masanduku yamepangwa kama maghorofa, inachukua muda kidogo kimya alafu mawimbi yanakuja ufukweni ghafla na watoto wanakimbia wanapiga kelele. Hapo mdogo kajifunza wimbi, kajifunza povu, kajifunza limenilowesha, kajifunza ngoja ngoja ngoja sasa! Na kuna jiwe moja kubwa pale wanaliita Alter Schwede, yani Msweden mzee, walilitoa chini ya mto mwaka 1999 walipokua wanachimba kuongeza kina, lina tani 217, lilisukumwa na barafu toka Sweden zama za kale sana. Mdogo akaniambia mama jiwe. Nikamwambia hili sio jiwe mwanangu, jiwe unaweza kulirusha, hili ni jabali. Akalirudia kama mara ishirini, jabali, jabali, sa hivi analiita Babu Jabali na tukifika lazima alisalimie shikamoo babu kabla hajalipanda. Ningemfundisha neno jabali mezani na kitabu? Lingetoka sikio la pili.

Hiyo ndo hoja yangu yote. Ndani ya nyumba ya Ujerumani hamna vitu vya kutosha vya kuongelea kwa Kiswahili. Kula, oga, vaa, lala, zima taa, acha kumpiga mwenzio. Ni amri tupu. Mtoto anayesikia Kiswahili ndani tu anasikia lugha ya kuamrishwa, na ya raha anaisikia shuleni. Ukitoka nae, lugha inapata vitu. Inapata nanga, kamba, mlingoti, kutu, shakwe, matope, barafu inayoteleza.

Siku za baridi mnanambia je. Ni kweli, Desemba hapa saa kumi jioni jua limezama na mvua ya Hamburg inakuja kwa pembeni sio toka juu. Wajerumani wana msemo wao, hakuna hali ya hewa mbaya kuna nguo mbaya tu, na mwanzo ulikua unaniudhi, lakini nimewaangalia wanavyofanya, mtoto anavalishwa suruali ya plastiki na mabuti anaachwa akae kwenye dimbwi, haumwi. Nguo hizo tunanunua mitumba, kuna masoko ya nguo za watoto makanisani na mashuleni, unapata suruali ya mvua kwa euro chache. Mvua ikizidi tunaenda Elbtunnel ya zamani, imejengwa 1911, handaki la mita 426 chini ya mto Elbe, kwa mguu hulipi kitu. Mnashuka kwa lifti kubwa ya zamani, ukutani kuna samaki wa vigae, na sauti inarudi ukisema kitu. Humo ndo tunategeana vitendawili. Kitendawili! Tega! Na mwangwi unatega pamoja nasi.

Vitendawili vyetu vya nyumbani nilikua navileta vilevile lakini kuku wangu katagia miibani haina maana kwa mtoto aliyeona nanasi limekatwa tayari kwenye boksi. Kwaiyo tunatunga vya hapa. Cha kwanza nilikitunga mimi, nyumba yangu inatembea juu ya maji imebeba masanduku ya rangi, jibu meli. Binti akajibu na chake, joka la njano linameza watu asubuhi linawatapika jioni, jibu treni ya chini. Treni zetu za hapa sio za njano, lakini alisema za njano ni za Berlin, alipanda akiwa kwa rafiki yake. Nikamwambia umenipata, akasema nipe mji, nikampa Temeke.

Kuna kitu kingine nataka kusema na najua baadhi ya ndugu zangu hawatakipenda. Sisi Waswahili huku tunaalikana sana na ni jambo zuri, pilau linapikwa, tunacheka mpaka usiku. Lakini watoto tunawaweka wapi? Chumba cha ndani, na tableti, mlango umefungwa wasitusumbue. Sebuleni Kiswahili kitamu kinamwagika masaa sita, utani, majungu ya nyumbani, methali, na watoto wetu wako mita tano tu wanaongea Kijerumani kati yao. Alafu tukirudi nyumbani tunawalaumu hawajui lugha. Inaniuma kwasababu nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi. Sa hivi nikialika watu wakati wa kiangazi nawaambia tukutane Stadtpark, ile bustani kubwa ya mji, tulete mkaa na nyama, sehemu za kuchomea zipo, watoto wanazunguka katikati yetu, wanatumwa chumvi, wanatumwa waite mjomba, wanasikia tunavyotaniana. Mtoto kutumwa ni shule.

Pia hofu ya kuongea Kiswahili hadharani ituishe. Zamani nlikua nikipanda treni nashusha sauti. Mwalimu mmoja wa chekechea ya kwanza ya binti yangu alituambia tuongee Kijerumani nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, na tukamtii karibu mwaka, mwaka ule siwezi kuurudisha. Baadae daktari wa watoto, kwenye kipimo kile cha miaka minne, aliniuliza tunaongea lugha gani nyumbani, nikajibu kwa woga, akasema ongea nae lugha ambayo wewe unaijua vizuri, Kijerumani atakipata shule. Nilitoka pale nimenyooka mgongo. Sa hivi kwenye treni naongea sauti ya kawaida, na mara nyingi bibi wa Kijerumani anauliza hiyo ni lugha gani, na watoto ndo wanamjibu, kwa fahari kabisa. Mmoja alituambia alishafika Dar es Salaam. Hii miji miwili ni miji dada toka mwaka 2010, na mkubwa wangu akishasikia hivyo anawaambia wenzie shuleni kwamba miji yake ni ndugu kwaiyo yeye ni wa kote.

Sehemu nyingine ninayoipenda ni Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 2015, humo walihifadhi kahawa, mazulia, viungo. Kuna makumbusho madogo ya viungo, hayo yana kiingilio lakini sio kikubwa, na unaruhusiwa kushika na kunusa. Mume wangu aliwafumba macho watoto akawanusisha mmojammoja, hii nini, karafuu, hii nini, mdalasini, hii nini, iliki. Mdogo alipofika kwenye karafuu akasema, hii ni chai ya bibi. Bibi wa Likoni, alituletea karafuu alipokuja miaka miwili nyuma, mtoto alikua na miaka miwili tu na pua yake inakumbuka.

Jumapili ile ya winchi tulimpigia babu tukiwa palepale ufukweni, video, upepo unakata sauti. Mdogo akashika simu kwa mikono yote miwili. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, uko wapi? Niko kwa Babu Jabali! Babu hakuelewa, akauliza babu gani tena huyo, basi mtoto akaanza kueleza, jiwe lakini sio jiwe, limetoka ndani ya maji, iko mzito, barafu imelisukuma, na kule kuna winchi nyingi babu, kumi, ngapi mama? Sarufi imepinda kila mahali, sikumsahihisha hata neno moja. Baba yangu akavaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo cha simu, akamwambia geuza simu mjukuu wangu, geuza nizione hizo winchi, alafu akaanza kumwelekeza, ile ya kushoto kijana wake yuko juu kabisa kwenye kile kibanda, unamuona? Wakakaa hivyo karibu nusu saa, mmoja Temeke mmoja Hamburg, wanahesabu masanduku.