Samaki Nimempata, Rula Imemkataa

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nimekulia mwaloni Nyamukazi, pale wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaposhusha samaki. Nalitaja hili mapema ili mjue kwamba habari za samaki sikuzisoma kwenye kipeperushi. Sangara nimemjua kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye mvi tatu na mkopo wa gari, anaendeshaje masaa matano kutoka Minneapolis hadi mpakani mwa Kanada, analala kwenye kibanda kinachonuka soksi, anatetemeka kutwa nzima kwenye boti, halafu anarudi nyumbani na samaki wawili ambao mkewe anawatazama na kuuliza, "Hawa ni wa paka?"

Paka hatuna.

Chanzo ni jirani yangu. Ni mzee wa Kizungu, babu zake walitoka Norwei, na kwa miaka sita tuliyokaa naye hajawahi kuniuliza maswali mawili kwa siku moja. Linakuwa moja tu, nalo la hali ya hewa. Mwezi wa tatu, tukiwa tunazoa theluji kwa mabeleshi, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayekuja kuposa: "Wewe unavua?" Sasa Mhaya umuulize kama jambo fulani analiweza! Jibu linatoka swali likiwa bado njiani. Nikamwambia mimi nimezaliwa ziwani. Nikamwambia kwetu kuna samaki wa kilo mia, tena huyo ni wa wastani. (Hapo kwenye wastani nilipitiliza kidogo.) Akatikisa kichwa, akasema, "Mm." Kwa watu wa huku, "mm" ni hotuba nzima.

Samaki wanayemhusudu hapa Minnesota anaitwa walleye. Ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965. Jina lenyewe maana yake ni makengeza, wala sitanii. Jicho lake ni kubwa, lina weupeweupe, na kwa ndani kuna utando unaorudisha mwanga kama jicho la paka. Ndiyo maana anaona vizuri gizani, na chakula chake hupenda kukila jua likizama au ziwa likiwa na mawimbi. Mimi namwita Makengeza tu, kwa sababu nikilitamka jina lake kwa lafudhi yangu watu wanadhani naulizia ukuta.

Na unajua aliyevunja rekodi ya jimbo zima ana kilo ngapi? Alivuliwa mwaka 1979, hata kilo nane kamili hakufika, pungufu ya gramu kadhaa. Kilo nane! Kwetu sangara wa kilo nane hapigwi hata picha, anauliziwa bei basi.

Msimu wenyewe unafunguliwa Jumamosi moja ya mwezi Mei, na Jumamosi hiyo ina tabia ya kuangukia jirani na Siku ya Mama. Sijui nani alipanga, ila hakuwa na mke. Nikaenda kwa Mama Koku nimejikunja kama mtu anayeomba nauli. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba Koku, Siku ya Mama wewe unakwenda kwa samaki?" Nikamwambia siyo mimi, ni utamaduni, hata gavana wa jimbo huenda kuvua siku hiyo, ni desturi yao tangu mwaka 1948. Akasema, "Basi gavana atakupikia ukirudi." Nikaona nimtulize: kuna leseni ya uvuvi ya mke na mume kwa pamoja, twende wote. Alivyonitazama, nikakata ya mtu mmoja.

Tukaondoka alfajiri. Tunakokwenda panaitwa Kaunti ya Lake of the Woods, kando ya ziwa la jina hilohilo, watu wake wote hawafiki 4,000, yaani msiba mmoja wa maana wa Kihaya ungewajaza. Masaa matano ya misitu. Jirani alizungumza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Kulungu." Mara ya pili alisema, "Mwingine."

Tulipofika mji wa Baudette tukaingia duka la chambo, na hapa ndugu zangu naomba mnishike mkono. Nimeuziwa dagaa. Siyo dagaa wa kula, dagaa wa chambo, wale visamaki vyembamba vinavyong'aa. Wako hai, wanaogelea kwenye tangi, na kuna mashine inawapulizia hewa. Dagaa anapewa oksijeni! Nyamukazi dagaa tunampima kwa sado, tunamwanika juani, na akibaki anapewa kuku. Huku wanahesabiwa kwa dazani, na muuzaji anawachota taratibu kama nesi wa wodi ya watoto njiti. Pembeni kulikuwa na jokofu la minyoo, na kopo la ruba. Ruba, jamani, yule anayekunyonya damu ukivuka mtoni. Nimeishi miaka yangu yote nikimtoa ruba mguuni bure, kumbe nilikuwa natupa mtaji. Nilipotoa pochi nilisikia sauti ya bibi yangu kaburini ikisema, "Mwanangu umenunua mnyoo?"

Nikalipa. Mhaya hapungui mbele ya muuzaji.

Asubuhi ya Jumamosi tukashuka kwenye gati. Baridi ya mwezi Mei huko haina adabu, inaingia kwenye pindo la suruali na kupanda. Nimevaa makoti mawili, koti la uokozi juu yake, nimekuwa mviringo kama pipa la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mkononi nina mfuko wangu wa chakula. Jirani akauangalia ule mfuko. Akauangalia tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikaona uso wake unabadilika.

"Hizo ni nini?"

"Ndizi," nikasema. "Karibu."

Waitu! Yule mzee alirudi nyuma hatua mbili kama nimemwonyesha kifutu. Kumbe kwa wavuvi wa huku ndizi kwenye boti ni mkosi mkubwa, boti yenye ndizi haipati kitu. Sasa nisaidieni: unamwambiaje Mhaya kwamba ndizi ni mkosi? Sisi tumezaliwa kwenye migomba, tunaoa kwa ndizi, tunazikwa kando ya migomba. Kama ndizi ingekuwa inafukuza samaki, ukanda mzima wa Kagera tungekuwa tunavua vyura. Nikamweleza yote hayo, kwa mifano. Akanisikiliza kwa heshima zote, nilipomaliza akasema, "Ziache kwenye gari." Nikaziacha. Nilikula moja njiani kwa hasira, nikaingia botini nayo tumboni, sikumwambia mtu.

Ndani ya boti kuna kioo kikubwa kuliko televisheni yangu ya sebuleni. Kinakuonyesha kina, kinakuonyesha mawe, kinakuonyesha mpaka samaki wenyewe pale chini, wanapita makundi kwa makundi. Nikafurahi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe kile kioo ni cha kukutesa tu. Unamwona Makengeza anakuja, anausogelea mshipi wako, anasimama, anakifikiria kile kidagaa chako cha dola, halafu anaondoka zake. Zamani nilikuwa nikikosa samaki najiambia hapa hakuna samaki. Sasa naambiwa wapo, wamekuona, wamekataa.

Na sheria ya jimbo maji yakiwa wazi ni mshipi mmoja kwa mtu mmoja. Mimi niliyezoea kuona karabai zinawaka ziwani usiku kama mji mwingine, na nyavu zinavutwa na watu kumi huku wakiimba, nimekaa na fimbo moja, mshipi mmoja, ndoana moja yenye kichwa cha risasi kilichopakwa rangi ya dhahabu, na dagaa mmoja aliyechomekwa kwa heshima. Unaishusha hadi chini, unainyanyua kidogo, unaishusha. Unainyanyua, unaishusha. Kwa masaa manne. Kuongea hakuna. Nilipoanza hadithi ya mjomba wangu na kiboko, jirani alisema, "Mm," lakini ile ya kufunga mlango.

Jioni jua linaanza kulala, mawimbi yamepanda kidogo, mshipi ukadonolewa. Siyo mvuto, ni kama mtu anakugusa bega kwa adabu. Nikavuta. Fimbo ikapinda! Nikazungusha, nikasimama, jirani akaniambia kaa, nikakaa, nikasimama tena. Nikapiga kelele za Kihaya zilizovuka mpaka hadi Kanada. Jirani akatia kimia majini, akamnyanyua: Makengeza mnene, mgongo wa dhahabu ya kijani, ncha ya chini ya mkia nyeupe kama amechovya kwenye chokaa, jicho linawaka, meno kama sindano. Nilishapanga hata mchuzi. Nazi kidogo, nyanya, ndimu.

Jirani akatoa rula.

Nikamwambia, bwana, huyu ni mkubwa, wa nini kupima? Akasema ndiyo maana anapima. Akamlaza Makengeza kwenye ubao, mdomo umefungwa, inchi kumi na tisa na robo. Nikapumua. Halafu akazibana ncha mbili za mkia wake kwa vidole zikakutana, kwa sababu eti ndivyo sheria inavyotaka, na samaki akibanwa mkia hurefuka. Inchi kumi na tisa na robo tatu.

"Anarudi," akasema.

Anarudi wapi? Nikaelezwa. Kwenye ziwa hili Makengeza wa kuanzia inchi 19.5 hadi 28 hachukuliwi, anarudishwa majini hapohapo, maana hao ndio wazazi, ndio wanaotaga. Mdogo unakula. Akizidi 28 unaruhusiwa mmoja. Lakini huyu wa katikati, aliyenona, wa umri wa kuoa, huyo ni wa serikali.

Nikapiga hesabu ya sentimita kichwani, nikataka kulia. Kwetu Ziwa Viktoria sangara aliye chini ya sentimita 50 ni kosa, wanakukamata, na nyavu wanachoma. Hapa inchi 19.5 ni sentimita 49 na nusu, na ukimpata aliyezidi hapo wanakukamata vilevile. Yaani samaki mmoja huyohuyo, wa sentimita 50: Bukoba anahalalika, Baudette anaharamika. Mimi nimevuka bahari nzima ili niwe mkosaji kwa upande wa pili wa rula.

Na kinachouma zaidi ni nani anayenipimia. Ukitazama ramani ya Marekani, pale juu kabisa kuna kipande kimechomoza kuingia Kanada, kimekaa peke yake ng'ambo ya ziwa hilihili, na kwa gari hufiki bila kupita nchi ya watu. Kisa ni kwamba mwaka 1783 wakubwa walikaa Paris wakagawana mpaka kwa ramani iliyokosea umbo la ziwa. Hakuna aliyeurudisha. Wamekosea nchi nzima ikapita, mimi robo inchi ya mkia nabanwa.

Nikamshika Makengeza kwa mikono miwili, nikamshusha majini. Alikaa sekunde moja ananiangalia. Kwa lile jicho siwezi kusema kwa hakika kama alikuwa ananiangalia mimi au jirani. Akapiga mkia, maji yakanirukia usoni, akaenda zake.

Baada yake nikapata wawili wadogo, wa halali kabisa, wa kujaza sahani moja ukiweka na kachumbari nyingi. Kibandani jirani akatoa kisu cha umeme, kinanguruma kama mashine ya kunyolea, vrruuu upande huu, vrruuu upande ule, minofu miwili mezani, kisha mabaki yote, kichwa, mgongo na mkia, anayaelekeza kwenye ndoo ya takataka! Nilimdaka mkono. Nikamwambia mzee, hayo ni mapanki! Mapanki yamesomesha watoto kwetu! Viwanda vya minofu vilipokuwa vinapeleka sangara Ulaya, sisi tuliobaki na vichwa ndio tulijua utamu ulibaki wapi. Nikavichemsha vile vichwa viwili na pilipili na ndimu kwenye jiko la kibandani. Jirani akaonja kijiko kimoja. Akakaa kimya. Akaongeza bakuli, kisha la pili. Mwisho akasema, "Si mbaya." Nimeishi na watu hawa, nawaambieni, hilo lilikuwa shairi.

Asubuhi tukaondoka, lakini kabla ya barabara kuu nikamwomba asimamishe gari. Pale Baudette wamejenga sanamu ya Makengeza, urefu wake futi 40, mdomo wazi, jicho kama sinia. Mji unajiita makao makuu ya samaki huyu duniani, na kuna miji mingine ya jimbo hili inayojiita hivyohivyo, nao wana masanamu yao; ugomvi wao sitauingilia. Nikasimama chini ya kile kidevu, kofia imenipanda, ndizi mkononi, jirani akapiga picha moja, ikiwa imepinda. Nikairusha kwenye kundi la ukoo bila neno lolote.

Hatujafika hata kituo cha mafuta, simu ikalia. Mjomba, kutoka Nyamukazi, mvuvi wa miaka arobaini.

"Mjomba, nimeona. Huyo mmemuuza bei gani?"

Nikamtazama jirani. Jirani akatazama barabara.

"Huyo tumemwacha, mjomba," nikasema. "Amezidi kipimo."