"Akili yangu haitulii": utetezi wa meditesheni ya kila siku, na mipaka yake

Ukimwuliza mtu aliyejaribu meditesheni akaacha, jibu huwa lile lile: "Mimi siwezi bwana, akili yangu haitulii." Husema hivyo kama mtu anayekiri kwamba hakujaliwa sauti ya kuimba. Alikaa, akafumba macho, mawazo yakamvamia kama siafu, akaona mambo haya yana wenyewe. Na yule asiyeamini tangu mwanzo, anayeona ni mchezo wa watu wenye nafasi, humwambia amefanya vyema kuacha mapema.

Nadhani wote wawili wameponzwa, na lugha imechangia. Zoezi hili tumezoea kuliita kutafakari, au tukitaka madoido, taamuli. Sasa, kutafakari ni kulichukua jambo ukaligeuzageuza mpaka ulielewe. Anayeketi kwa nia hiyo hutafakari kweli: deni, ugomvi wa juzi, neno aliloambiwa kazini. Dakika kumi zikiisha, anainuka na mzigo mzito kuliko aliokaa nao. Wengine husema "kuondoa mawazo", na hapo wanaharibu zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaondoa kwa kuyafukuza. Ndiyo maana naliacha neno la mkopo lilivyo. Angalau halimdanganyi mtu.

Kinachofanyika, hasa katika ile aina ya kufuata pumzi, ni kidogo mno. Unakaa. Unahesabu pumzi, moja hadi kumi, unaanza upya. Kwenye ya nne unashtuka: hesabu imepotea zamani, uko katikati ya kumjibu mtu ambaye hata hayumo chumbani, na jibu lenyewe limekuwa tamu, unazidi kulinoa. Goti linawasha. Unarudi kwenye moja. Kule kushtuka na kurudi ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo aliyepotea mara thelathini na kurudi mara thelathini ana kazi nyingi aliyoifanya asubuhi hiyo, hata kama yeye anaiita aibu.

Wala kuzurura kwa akili si ugonjwa wa mtu mmoja. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, mawazo yalikuwa kwingine kabisa.

Takwimu isiyonitoka kichwani, hata hivyo, ni ya miaka minne baadaye. Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaweka watu chumbani, mmoja mmoja, kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Kilichokuwepo ni kitufe: ukikibonyeza, unapigwa shoti ya umeme. Wote walikuwa wameionja shoti hiyo kabla, na waliohesabiwa ni wale tu waliosema wangetoa fedha wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijibonyezea. Wanawake, 6 kati ya 24. Mwanamume mmoja alijipiga mara 190, hata ikabidi aachwe nje ya wastani.

Najua yanayoweza kusemwa. Watu 42 ni wachache. Kubonyeza mara moja kunaweza kuwa udadisi tu. Sawa. Ila tazama walichoambiwa wafanye mle ndani: wakae na mawazo yao. Hawakupewa pumzi ya kuhesabu wala mahali pa kurudi. Yaani waliambiwa watafakari, na zaidi ya theluthi moja wakaona afadhali umeme. Mimi kila nikikisoma kisa hiki namwona yule mwanagenzi wa siku ya kwanza, aliyeketi akisubiri utulivu na badala yake akakutana na nafsi yake mikono mitupu. Hakukosa kipaji. Alikosa kuelekezwa, na nyumbani kitufe chake kiko mfukoni, hakiumizi hata kidogo.

Tuwasikilize sasa wenye shaka, maana hoja zao si za kubeza. Kubwa zaidi inatoka kwenye mapitio ya mwaka 2014 yaliyoongozwa na Madhav Goyal katika jarida la tiba la JAMA Internal Medicine: majaribio 47, washiriki 3,515. Walikuta meditesheni inapunguza wasiwasi, sonona na maumivu, lakini kwa kiasi kidogo. Kwa wasiwasi, nafuu ilikuwa 0.38 baada ya wiki nane, ikashuka hadi 0.22 baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kipimo ambacho 0.2 huitwa ndogo na 0.5 ya wastani. Na hawakupata ushahidi kwamba inazipita tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Anayeuza programu ya simu kwa ahadi ya kukubadilishia maisha hana pa kujificha mbele ya tarakimu hizo.

Lakini "haijaonekana kuzipita" imegeuzwa mitaani kuwa "haina kazi", na hapo ndipo ninapogoma. Dawa ikilinganishwa na dawa nyingine isiishinde, hatusemi ni maji. Mwishoni mwa 2022 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 276 wenye matatizo ya wasiwasi: nusu walipewa escitalopram, dawa inayotumika sana kwa tatizo hilo, nusu wakapitia mafunzo ya meditesheni ya wiki nane, ya aina aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979. Mafunzo hayakuonekana kuwa duni kuliko dawa. Nisifiche kitu: wale walitakiwa kufanya dakika 45 nyumbani kila siku, juu ya darasa la kila wiki. Anayekaa dakika kumi asijipe matokeo yao. Na anayetumia dawa asiiache kwa sababu ya makala kama hii.

Kuna pia jaribio la shule za Uingereza, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13, lililotangazwa 2022. Waliofundishwa umakini wa aina hii hawakupata nafuu ya akili kuliko wenzao waliofuata masomo ya kawaida. Watetezi walikimbilia kusema watoto hawakufanya mazoezi nyumbani. Ni kweli, wengi hawakufanya. Ila dawa ambayo mgonjwa haimezi ina kasoro, na kasoro hiyo ni yetu sisi watetezi kuibeba. Mimi naona funzo lake ni jembamba zaidi: zoezi hili halifai kulazimishwa.

La mwisho ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Wapo wanaoumizwa. Mapitio ya tafiti 83, yaliyotolewa 2020, yalikadiria kwamba asilimia 8 hivi ya wanaofanya hupata madhara ya namna fulani, hasa wasiwasi na sonona. Kwa aliyepitia mambo mazito, kufumba macho kimya kunaweza kuyafungulia mlango yale yale anayoyakimbia. Hapa sina ubishi: afanye macho wazi, kwa muda mfupi, au atembee, na hofu ikipanda aache bila kujilaumu, amtafute mtaalamu. Na asiye na historia hiyo lakini anayeona matembezi yanamtosha, atembee tu. Kwangu mimi faida ya kukaa huonekana baadaye mchana, kidole kikiwa tayari juu ya ujumbe wa hasira, nikashtuka kabla sijautuma. Si kila mara.

Basi kwa nini kila siku? Kwa sababu ya kawaida kabisa: kinachofanywa ukijisikia hakifanywi. Ile habari ya siku 21 za kujenga mazoea ipuuzeni. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti wa watu 96, walikuta wastani wa siku 66, na makadirio yao yalianzia 18 hadi kufika 254. Kilichonipa moyo ni kwamba kuruka siku moja hakukuvuruga mambo. Waliofanya kitu kile kile, baada ya jambo lile lile la kila siku, ndio waliofika.

Mimi nilianza kwa pupa, nusu saa, alfajiri, mto maalumu. Siku ya tano nikaacha. Niliporudi, miezi baadaye, nilijiwekea dakika kumi kwenye ukingo wa kitanda, kabla sijagusa simu, na hadi leo ni hizo hizo. Mwezi uliopita niliruka siku nne mfululizo, mbili kwa homa na mbili kwa uvivu mtupu. Ya tano nikakaa, nikahesabu. Nilifika tatu.