Sufuria la Kikundi na Boti ya Shemeji

Kwanza nijitetee. Mimi si mzembe, ni bahili tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua boti ya alumini iliyotumika, ya futi 14, akitaka kuipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu akavue perege. Wakati anatafuta gari la kuibeba akaiweka kwetu Tengeru, chini ya mparachichi, "wiki mbili tu, shemeji". Ikakaa mwaka na nusu.

Wenye mparachichi nyumbani wanajua. Majani yanadondoka, yanaoza, mvua ikipita yanachuja maji kama chai ya rangi. Boti ikapata mistari ya kahawia kutoka juu hadi chini, na katikati ya mistari, ukoko mweupe wa maji yaliyokauka. Ikafanana kabisa na meno yangu. Na meno yangu, kwa mgeni wa Arusha, ni ya mtu aliyekunywa maji ya huku Meru tangu utoto: floraidi imeyachora hadi nikicheka Dar naulizwa navuta sigara pakiti ngapi kwa siku.

Jumapili shemeji akapiga simu. Jumamosi anakuja na Canter. "Naomba uisafishe ing'ae, nakutumia laki na nusu ya dawa." Pesa ikaingia. Nikaenda mjini kuulizia dawa ya alumini, nikatajiwa bei, nikamuaga muuzaji kwa adabu zote.

Sasa, mke wangu yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za miche, na stoo ya kikundi iko kwetu. Kostiki ipo. Nikawaza: kitu kinachogeuza mafuta kuwa sabuni kitashindwa na majani ya parachichi? Ndoo ya plastiki sikuiona. Nililoliona ni sufuria la kikundi, lile la kupikia pilau ya sherehe, lenye jina la kikundi matakoni kwa rangi ya kucha. Sufuria la alumini. Hapo ndipo mwenye akili angesimama.

Jumanne mchana, mke yuko kazini, nikatia maji, nikatia kostiki. Likaanza kupata moto. Hilo halikunishtua, akina mama walishanifundisha kwamba kostiki ikiingia majini huchemka yenyewe, na kwamba unaanza na maji, siyo kostiki. Lakini baada ya dakika mbili tatu nikasikia shhhhh, kama mafuta yanapopokea kitumbua. Mapovu madogo meupe yakapanda kutoka chini na ubavuni, na mvuke wa kukwaruza koo. Sufuria limekaa kwenye nyasi, halina jiko wala kuni, linatokota. Bibi wa jirani alikuwa anaanika mahindi. Akainama kuangalia chini ya sufuria, akanitazama mimi, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Mimi nikafurahi. Nikasema dawa imeiva.

Nikavaa glavu, buti za mvua na miwani ya jua, nikapaka boti nzima kwa brashi ya chokaa. Kila nilipopaka ikafoka povu. Mpwa wangu wa kidato cha pili akatoka na daftari mkononi. "Mjomba, hiyo hewa ni haidrojeni. Maabara tuliiletea kijiti chenye moto ikalia pop!" Nikamwambia akasome. Alipogeuka tu nikalihamisha jiko la mkaa kimyakimya, nikalipeleka nyuma ya nyumba.

Nikasuuza. Kahawia yote ilikuwa imeondoka, na boti ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya sufuria la kuni. Ukigusa, kidole kinarudi na masizi. Nikakamata stilwaya nikasugua mpaka magharibi, nikapata weusi unaong'aa kidogo. Usiku ikanyesha. Asubuhi vile vinyuzi vya stilwaya vilivyonasa kwenye bati vimeshika kutu, na uani kwangu kuna chui mweusi mwenye madoa mekundu.

Dawa iliyobaki nilikuwa nimeiacha sufuriani, si unajua, kuitupa ni hasara. Nilipolinyanyua lilikuwa jepesi. Halina kitu ndani. Nyasi chini yake zimeungua duara. Nikaliinua juu kutazama mwanga, na kupitia tundu la kwanza nikamwona mama mkwe anaingia getini na mkungu wa ndizi kutoka Machame.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unanichungulia kwenye sufuria?"

Sikuwa na jibu, na hakulisubiri. Aliizunguka boti mara mbili. "Hii mmeipikia makande?"

"Hapana mama, ni boti."

"Naona ni boti. Nauliza nani ameitia magadi. Sufuria la alumini ukilitia magadi linakuwa hivi hivi. Binti yangu hajawahi kukupikia?"

Amenipikia miaka 11. Sufuria zenyewe naziosha mimi, weusi ule naujua. Sijui kwa nini haukunijia. Magadi na kostiki ni ukoo mmoja, ila kostiki ndiye kaka mkubwa asiye na subira: alumini ina ngozi nyembamba inayoikinga, kostiki inaivua ngozi ile kisha inakula nyama.

Bahati ilikuwa Jumatano, soko la Tengeru limejaa. Mama mkwe akaagiza ukwaju na ndimu, zile zilizoanza kulegea, za bei ya kuondolea macho. Ukwaju ukalowekwa kwenye beseni la plastiki. Alilikagua yeye mwenyewe. Stilwaya akaitupa jalalani. Bibi wa jirani, aliposikia ni kostiki na siyo mambo mengine, akafungua mlango akaleta magunzi ya mahindi. Tukasugua wanne siku mbili, tunapaka, tunasuuza, tunapaka. Weusi ukatoka kwa shingo upande. Fundi wa kuchomelea akagonga ribiti, zile pini zinazoshika mabati ya boti, moja baada ya nyingine, akasema zimeshika. Kung'aa haikung'aa. Ilipata rangi ya sufuria lililolea watoto, na pale nilipoanzia bado brashi inaonekana.

Jumamosi shemeji akashuka kwenye Canter, akainama puani kwa boti. "Mbona inanukia juisi?"

Hesabu ilifanyika mbele ya kikundi kizima. Sufuria jipya, kostiki, ukwaju, fundi, na faini ya kutumia mali ya kikundi bila ruhusa. Laki na nusu ikaisha na mimi nikadaiwa elfu 22. La zamani mke wangu amelitundika kwenye mparachichi, kapanda mchicha, anasema matundu yanapitisha maji vizuri. Jipya limeandikwa jina la kikundi kwa rangi ya kucha kama kawaida, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe: SI LA BOTI.