Diski "inatumika", na nani?

Jamani, hii ya Linux kukuambia diski inatumika halafu basi, imenichosha. Inatumika na nani? Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inajua kuna faili limefunguliwa humo, ndiyo maana inakataa kuipachua, lakini amri ya umount, ile ya kupachua, haikutajii jina. Uhangaike mwenyewe na lsof au fuser, amri za kutafuta nani kashika faili, na mara nyingi mchawi ni terminali tu (dirisha la kuandikia amri) iliyoachwa ndani ya folda. Huku mteja kasimama kaunta, hapa Makoroboi, Mwanza, anataka diski yake awahi meli ya Nansio, Ukerewe.

Wajuaji watakwambia "piga umount -l", ya kupachua bila kusubiri. Hiyo inaficha tu! Mafaili yaliyofunguliwa yanabaki wazi. Chomoa waya uone data inavyopotea.

Hujakaa sawa, unakutana na kikomo cha mafaili ya kufungua kwa wakati mmoja: 1024 kwa kila programu, ndicho cha kawaida. Unaongeza kwenye limits.conf, faili la kuwekea vikomo, unaiwasha upya huduma, bado 1024. Kumbe huduma zinazoendeshwa na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma, haziliangalii faili hilo kabisa, zinataka mpangilio wao pembeni, LimitNOFILE. Sasa si kila toleo la Linux lingeandika hata mstari mmoja wa kuonya humo ndani?