Usiniambie nijitahidi, njoo unipe kampani

Siku niliyorudi kutoka Dar es Salaam na karatasi ya daktari kwenye mkoba, juu ya meza yetu ya chakula kulikuwa na madaftari 140 ya Kidato cha Pili yanayosubiri kusahihishwa. Ilikuwa wiki yake ya tatu pale. Sisi tulikuwa tunakula mkekani kwa sababu ya hayo madaftari, na watoto walishazoea.

Karatasi ilisema nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini upotee na kazi zisianze au zisiishe. Nilikuwa na miaka 39, mwalimu wa Kiswahili, miaka 14 kazini, mke wa mtu na mama wa wawili. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikalia ndani ya treni, na dada aliyekaa pembeni yangu akanipa tishu bila kuniuliza kitu. Lakini nilipofungua mlango wa nyumba yangu kule Kihonda, Morogoro, madaftari yalikuwa palepale. Kujua jina la tatizo hakukusahihisha hata daftari moja.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye wiki hiyo, wiki ya kwanza baada ya kuambiwa. Watakuja wa kukushauri, na karibu wote watakuletea neno moja: jitahidi. Sasa umeshajua una nini, basi jitahidi. Mimi naomba neno hilo uliweke kando kabisa. Umejitahidi tangu darasa la kwanza, na kama kujitahidi kungekuwa dawa ungeshapona zamani. Unachohitaji ni watu, tena watu uliowaambia waziwazi unataka wakufanyie nini.

Kwanza niseme kuhusu jina, maana kwa mwalimu wa Kiswahili hili liliniuma. Usonji sasa unajulikana. Ukisema mtoto wangu ana usonji, hata kondakta wa daladala anaweza kukuelewa. ADHD haina neno ambalo watu wanalitumia. Kwenye maandishi ya kitaalamu utakuta maelezo marefu kuhusu upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, lakini hakuna anayesema hivyo sokoni. Mtaani yako maneno mengine: mtundu, mzembe, hajatulia, kichwa panzi. Yote ni lawama. Mtu akikosa neno la kujieleza, anabaki na yale ya kulaumiwa.

Na hilo neno “mtundu” ndilo lililonificha mimi. Wataalamu wanaigawa hali hii katika sura tatu: kuna wanaohangaika mwili na kufanya mambo bila kusubiri, kuna ambao umakini ndio unaopotea, na kuna wenye yote mawili. Mimi ni wa hiyo ya pili. Sikuruka juu ya madawati. Nilikaa dirishani, kimya, nikiangalia mtu anavyochota maji bombani, na mwalimu akimaliza somo nilikuwa sijasikia hata sentensi moja. Mtoto wa kike aliyetulia hamsumbui mtu, kwa hiyo hakuna aliyenipeleka popote. Wasichana wengi wanapita hivyo hivyo, kwa ukimya wao.

Daktari aliniomba ripoti zangu za shule ya msingi. Nilidhani ni utani, kumbe dalili lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, ndivyo vigezo vinavyotaka. Mama alikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, zimefungwa na kamba ya katani pamoja na cheti cha ubatizo cha baba. Darasa la tatu, la nne, la tano, mwandiko tofauti, maneno yaleyale: ana uwezo lakini hajitumi. Nilimsomea mama kwa sauti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, na baba yako si alikuwa hivyohivyo.”

Baba alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele kilijaa redio zilizofunguliwa, skrubu zikiwa kwenye vifuniko vya chupa za soda, kila moja ikisubiri kitu kimoja tu imalizike. Wateja walikuja kugombana mpaka mlangoni. Tulimwita mvivu, na mtu yule alikuwa analala saa nane usiku akihangaika na redio mpya aliyoletewa jioni. ADHD inarithiwa kwa kiwango kikubwa sana. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya watu, karibu asilimia 70 hadi 80, inatokana na urithi. Baba alikufa akiamini kwamba ana tabia mbaya.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wa kwenye mitandao. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wa namna hii mjini London mwaka 1902, wakati hakuna hata televisheni. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Na baba yangu hakuwahi kushika simu ya kupangusa. Inatosha.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi, kwa sababu hilo ni lako na daktari wako. Dawa inayotumika zaidi duniani ni methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Inaongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe katika ubongo, na kabla ya kuianza unapimwa presha na mapigo ya moyo. Iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo huwezi kuingia duka la dawa la mtaani ukaichukua. Mwaka 2019 na tena mwaka 2021, kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, orodha ambayo nchi kama zetu huitazama zinapopanga dawa zao. Mimi hilo linanikera. Dawa ikikosa nafasi kule juu, mama wa huku chini anabaki na fimbo na dua peke yake. Anayeipata na ikamfaa asione haya hata kidogo. Lakini hata ukiipata, dawa inakuwezesha kuanza tu. Haikuambii uanze na nini, wala haikukumbushi funguo ziko wapi.

Kwa hiyo turudi kwenye watu.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Russell Barkley, ambaye ameichunguza hali hii kwa miongo mingi, anasisitiza jambo ambalo nilipolielewa nilipumua: tatizo letu si kutojua la kufanya, ni kulifanya lile tunalolijua, kwa wakati wake. Kwa hiyo msaada lazima uwe palepale kazi inapofanyika. Semina ya Jumamosi kuhusu kupanga muda haiwezi kunisaidia Jumanne saa nane mchana mbele ya madaftari. Hata mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka mazingira ya mtu mzima yarekebishwe kwanza, ndipo dawa ifikiriwe kama shida bado ni kubwa.

Jumanne moja, saa nane mchana kweli, nilimfuata mwalimu wa Hisabati pale ofisi ya walimu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, yakanipotea. Nikamwambia tu, “Mwalimu, naomba ukae na mimi hapa nisahihishe. Usinisaidie kusahihisha. Nipe kampani tu.” Akaniangalia, akavuta kiti upande wa pili wa meza, akatoa azimio lake la kazi akaanza kuandika. Hakunisemesha. Feni ilikuwa inalia, watoto wa zamu wanafagia nje. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimemaliza madaftari 22. Wiki tatu nzima sikuwa nimemaliza matano.

Wenzetu wa nchi nyingine wenye ADHD wanaijua sana njia hii, mpaka wanakaa mbele ya video na watu wasiowajua, kila mtu na kazi yake. Nilipolisoma hilo nikajiuliza, sisi si ndio tunaishi hivi? Nani anachambua mchele wa shughuli peke yake? Nani anamenya ndoo ya vitunguu bila mwenzake kwenye kigoda cha pembeni? Shoga anakuja na ufuta wake au na mtoto wake mgongoni, anakaa, kazi inakwisha. Kumpa mtu kampani ni jambo tulilolelewa nalo. Tunaliacha tunapohamia kwenye nyumba za geti, tunaanza kuhangaika kimya kimya, kila mtu na madaftari yake.

Sasa tuna utaratibu, mimi na mwalimu wa Hisabati: Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa na nusu. Nayapanga madaftari kumikumi, mengine yanabaki kabatini nisiyaone. Nikiyaona yote 140, mwili wangu unakufa ganzi.

Kwenye vikoba nililipa faini kwa miaka. Hela ninayo, nimeitenga, na siku ya kikao naikumbuka saa mbili usiku wakati watu wameshatawanyika. Faini ni shilingi 2,000, lakini kilichokuwa kinaniuma ni ule mguno nikiingia wiki inayofuata. Nilimwambia mweka hazina ukweli. Nilitetemeka, nakiri. Yeye akauliza swali moja, “Sasa tufanyeje?” Tukakubaliana kwamba jirani yangu, ambaye njia yake inapita kwangu, apige hodi akiwa anakwenda. “Shoga, twende.” Maneno mawili. Tangu hapo sijalipa faini.

Angalia swali lile la mweka hazina, sasa tufanyeje. Ukisema nina ADHD halafu ukanyamaza, watu wanakuonea huruma au wanakubishia. Kiongozi mmoja kazini aliniambia kila mtu husahau, mwalimu, punguza mawazo. Nilikosea nilipompelekea maelezo yote ya kitabibu. Nilitakiwa kumwomba kitu kimoja: tarehe za kuingiza alama niandikiwe, zisitajwe tu kwenye kikao. Nilipoomba hivyo muhula uliofuata, nilikubaliwa siku hiyohiyo.

Na baba watoto vilevile. Miaka yote aliamini kwamba nikisahau alichoniagiza ni dharau. Tuliongea usiku mmoja mpaka majogoo. Nilichomwomba ni kidogo: usiniagize nikiwa jikoni, nitumie ujumbe, kwa sababu nikisikia nimeshapoteza, nikisoma ninayo. Amezoea. Siku hizi anatuma ujumbe tukiwa chumba kimoja.

Kuhusu muda: kwangu mimi saa moja ijayo na wiki tatu zijazo ziko mbali sawasawa, sioni tofauti mpaka jambo linifikie usoni. Saa ya simu haikunisaidia, naizima kabla sijaamka vizuri. Kilichonisaidia ni msikiti ulio nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi ni Mkristo, lakini adhana inasikika kwa kila mtu, na haina kitufe cha kuzima. Ikiadhiniwa Alasiri, nafungua mkoba nakagua ya kesho. Magharibi, simu inakwenda kwenye chaji sebuleni. Isha, funguo na kitambulisho vinatundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Msumari ule alipigilia mwanangu mkubwa, na yeye ndiye anayekagua.

Kama hujaonana na mtaalamu bado, anza na kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma zinajulikana, lakini si lazima safari yako ianzie huko. Nenda na mtu. Mimi nilikwenda peke yangu, na nusu ya nilichoambiwa sikukumbuka nilipofika Morogoro.

Limebaki moja, na ni zito kwangu. Nimechapa watoto. Sheria yetu inaruhusu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule, wakati Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu mwaka 2001. Nimechapa watoto kwa kusahau daftari nyumbani, mimi niliyesahau madaftari yao wiki tatu mezani. Hakuna kiboko kinachomkumbusha mtoto kitu. Kinamfundisha kuogopa Jumatatu.

Kidato cha Pili nina kijana mmoja anayekuja mikono mitupu siku tatu kati ya tano. Sijui kama ana ADHD, mimi si daktari. Mama yake nimeshazungumza naye, na nimemwelekeza pa kwenda. Wakati wanajipanga nauli, tumekubaliana yeye na mimi: daftari lake la Kiswahili halirudi nyumbani. Linalala kwenye droo yangu, upande wa kushoto, na kila asubuhi anapita ofisini kulichukua. “Shikamoo mwalimu, nimekuja.” Juzi alikuta droo imefungwa, funguo nimeziacha nyumbani kwenye msumari. Akacheka, nami nikacheka. Nikampa karatasi aandikie, na jioni tukazibandika pamoja ndani ya daftari kwa gundi.