Neno "null" kwenye nyaraka za Django linahitaji sentensi yake

Ripoti yangu ilisema tuna wateja 412 wa Dhahabu, 412 wa Fedha na 412 wa Kawaida. Wateja wote kwa jumla walikuwa 412. Aliyeligundua ni mhasibu, tena siku ya kikao.

Niliiandika kwa Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python. Ndani ya Count, inayohesabu rekodi, nilikuwa nimeweka Case, inayotoa thamani kwa sharti, yenye default=0 (thamani ya asiyetimiza sharti), nikiamini kwamba asiye wa Dhahabu atahesabiwa sifuri. Kumbe COUNT ya SQL, lugha ya kanzidata, haijumlishi thamani. Inahesabu kila rekodi isiyo null (null ni kutokuwa na thamani yoyote), na sifuri si null. Ningetumia Sum, inayojumlisha, au ningeiacha default kabisa, hesabu ingetoka sawa.

Case na When, inayobeba sharti lenyewe, ziliingia Django 1.8 mwaka 2015, na kuhesabu kwa masharti kulimaanisha kuzifunga hivyo ndani ya Sum au Count. Toleo la 2.0, Desemba 2017, likaleta kigezo cha filter: Count('pk', filter=Q(daraja='D')). Nyaraka nazo zikabadilishwa zionyeshe njia hiyo mpya, na waandishi wake walifanya vyema kuuondoa mfano wa zamani. Waandishi wa programu tunanakili mfano kwanza. Maelezo tunayarudia mambo yakiharibika.

Ukurasa wa nyaraka wenye mfano huo unaonyesha pia SQL inayozalishwa. Kanzidata ya PostgreSQL hupata FILTER (WHERE ...), na kanzidata zisizoijua hupata CASE WHEN wenye ELSE null. Hapo ndipo ninapoona pengo. Null imeandikwa, sababu yake haikuandikwa. Anayerithi mradi wa mwaka 2016 atakuta Case ndani ya Count, ataufungua ukurasa, na hataonywa.

Yapo makosa mengine ya kawaida. Ukiandika then='Dhahabu' ndani ya When (then ni thamani inayotolewa sharti likitimia) bila kuifunga kwa Value, Django huchukulia hilo ni jina la safu ya jedwali, kisha hukutupia kosa la FieldError papo hapo. Hilo sina haraka nalo, maana linajitangaza lenyewe. Nyaraka zianze na makosa ya kimya, yanayotoa namba safi isiyo ya kweli na kumfikia mtu anayegawa fedha kwa kuitegemea.

Sentensi ninayoitaka ningeiweka mara tu baada ya mfano wa CASE: "Usiweke default=0 ndani ya Count, kwa kuwa sifuri nayo huhesabiwa."