Uchi usiochutama

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, walisema wahenga. Wasanii wanaofanya sanaa kwa miili yao mitupu mbele ya watu wanajivua wenyewe na hawachutami. Nadhani hilo ndilo linalotukera kuliko uchi wenyewe.

Mwaka 1977, mjini Bologna, Italia, wasanii Marina Abramović na mwenzake Ulay, mwanamke na mwanamume, walisimama uchi wa mnyama mlangoni mwa jumba la sanaa, wakitazamana. Nafasi kati yao ilikuwa finyu. Aliyetaka kuingia alipita ubavuubavu, na hapo huna budi kuchagua: uso umwelekee mwanamume au mwanamke? Mtu anapenya haraka, macho yakitafuta pa kukimbilia, kana kwamba yeye ndiye aliyevuliwa. Polisi wakaja, wakasimamisha.

Mwaka 2010 kazi hiyo ilirudiwa MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, na wasanii wengine. Safari hii asiyetaka kubanwa aliwekewa njia nyingine ya kuingilia. Ustaarabu, sawa. Ila kwangu mlango wa pili uliiua kazi: palipokuwa na mtihani pakabaki maonyesho tu. Na bado kuna wageni waliotolewa nje kwa kuwapapasa wasanii. Kumbe wa kuchungwa ni mwenye nguo!

Barabarani je? Mwaka 1968 msanii wa Kijapani Yayoi Kusama alipeleka wacheza dansi uchi Wall Street, mtaa wa fedha wa New York, akawapaka madoa ya rangi. Yeye mwenyewe kwa kawaida alibaki na nguo zake, jambo ninalolikumbuka kila nikimsikia kiongozi wa kundi akihubiri ujasiri. Mpiga picha Spencer Tunick naye hukusanya umati wa watu walio uchi. Mwaka 2007 alipiga picha watu wapatao 18,000 katika uwanja wa Zócalo, Mexico City, alfajiri. Miili ikiwa mingi kiasi hicho, uchi unakwisha. Unaona rangi za ngozi zimetandazwa kama mkeka.

San Francisco, mji wa Marekani uliowavumilia watembea uchi kwa miaka mingi, ulipiga marufuku uchi hadharani mwaka 2012, isipokuwa kwenye maandamano na matamasha yenye kibali. Waasi wa mila wakaanza kuombea uasi wao kibali! Nilicheka. Halafu nikafikiri: kibali kinamwambia mpita njia ni mtaa gani, siku gani, naye aamue. Ni ule mlango wa pili tena. Ndani ya jumba nimeulaumu. Barabarani, nikiwa nimemshika mtoto mkono, ningekuwa wa kwanza kuutafuta.